Nukta Mbili Nje, Moja Ndani

Ilianza Jumanne, wiki ya pili ya likizo, saa nne na dakika kumi asubuhi. Sijisifu kwa kukumbuka hadi dakika. Kompyuta ndiyo iliyoiandika, pembeni ya picha ya kigae namba thelathini na moja, na mtu akitaka anaweza kufungua lile faili akaona kwamba kigae namba thelathini kilikuwa safi na namba thelathini na moja kilikuwa na vidole vyangu.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na mimi si mtu wa kusema. Nikiulizwa darasani jibu ninalo, ila likifika kooni linakuta mlango umefungwa, linarudi. Mwalimu aliniandikia kwenye ripoti "mpole", baba akafurahi akidhani ni sifa. Ndiyo maana naandika daftari. Humu hakuna anayenitazama mdomoni ninapotafuta neno.

Likizo ile mama alinitoa Nzuguni akanipeleka Kolo kwa dada yake, mama yangu mkubwa, aliyekuwa anawapikia watu wa vyungu. Ndivyo kijiji kilivyowaita. Wageni wengine wanaokuja Kolo wanafuata michoro ya kwenye mawe. Wanapanda, wanapiga picha, wanashuka wanauliza soda. Hawa walikuwa wamepanga nyumba nyuma ya gulio na kuijaza stoo yake masanduku ya vigae. Nilipoambiwa nitasaidia kazi ya vigae nilifikiria vya sakafu, maana kwetu Nzuguni kila anayejenga anazungumzia hivyo tu. Nikakuta ni vipande vya vyungu vilivyovunjika, vya kale kabisa, vilivyochimbwa chini ya mwamba, na watu wazima wawili wanavibeba kama mayai.

Mkubwa wao alikuwa mwanamke, Daktari. Mama mkubwa aliposikia ni Daktari alishukuru Mungu, na siku ya pili tu akamweleza habari za goti lake la kushoto. Daktari akamwambia kwa upole kwamba yeye ni daktari wa vyungu. Mama mkubwa akajibu kuwa haidhuru, goti nalo limepasuka, aliangalie hivyo hivyo. Tangu hapo kila birika la chai lilifika mezani pamoja na taarifa ya goti. Wa pili alikuwa kijana wa chuo kikuu, mtu wa kompyuta, tuliyemwita kaka. Alikuwa na ndevu tisa au kumi, na alizitunza kuliko vigae.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zamani, Daktari alinieleza, mtu alikaa na penseli akachora urembo wa kigae mstari kwa mstari, akimaliza siku amechora vichache na macho yanamwaga machozi. Sasa kigae kinawekwa juu ya kisahani kinachozunguka, ambacho kwa kweli kilikuwa stendi ya keki iliyonunuliwa Kondoa mjini, ndani ya kihema cha chandarua cheupe ili kusiwe na kivuli. Simu iko mbele yake kwenye stendi ya miguu mitatu. Unazungusha kidogo unapiga, unazungusha unapiga, kisha unakigeuza upande wa ndani unaanza tena. Kompyuta inazishona picha zote pamoja. Kama ni chungu kizima, inakivua ngozi na kuitandika bapa kama mkeka, ukaona urembo wote bila kukizunguka. Halafu ipo programu ya kuvuta rangi, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Rangi iliyofifia hadi jicho halioni, programu inaitafuta na kuifanya ipige kelele. Wekundu uliokufa unageuka zambarau kali, udongo unabaki nyuma umekuwa kijani kama mlenda.

Daktari alikuwa na swali moja maishani, na alitueleza siku ya kwanza wakati wa chai. Watu wa kale wa huku walipaka rangi miamba, wakachora wanyama na watu, mwamba baada ya mwamba. Lakini vyungu alivyovichimba yeye karibu na miamba hiyo vilikuwa na michanjo tu, na alama za kucha na za kamba. Rangi, hata tone, hajapata kuiona.

"Mtu apake mwamba," alisema, "halafu asipake chungu chake cha uji?"

Alisema taratibu, kama mtu anayeulizia ndugu aliyepotea. Profesa wake kule Dar alikuwa ameshamwambia kwamba msimu huu ukiisha bila kitu, aliache swali hilo ashike kazi nyingine. Mama mkubwa, aliyekuwa anamimina chai, alidaka neno rangi peke yake. Akasema kama wanatafuta vyungu vya Warangi, kabila letu, wanajisumbua bure na kamera, Mrangi si huyu hapa, na mama yake alifinyanga hadi uzeeni. Kaka aliinama kwenye kikombe asionekane anacheka. Daktari alitoa kalamu akayaandika.

Sheria za stoo zilikuwa mbili: chakula marufuku, na glavu mikono yote miwili. Ya pili ilikufa siku ya kwanza. Glavu zilikuwa za hospitali, saizi ya mwanaume, na simu haikuzitambua. Unagusa kioo, kinakutazama tu. Kaka mwenyewe akaniambia nivue ya kulia, nigusie simu, na mkono wa kushoto wenye glavu ndio ushike kigae. Kusema ni rahisi. Kigae kilichokaa ardhini miaka yote ile hukishiki kwa mkono usiouamini. Daktari akitoka, nilishika kwa kulia: vidole viwili nje, gumba ndani.

Sheria ya kwanza niliiua mimi.

Mama mkubwa hupika ubuyu jioni na kuuza gulioni. Mibuyu imejaa kwetu, lakini ubuyu wetu hutoka hapa mweupe na mnyonge, huenda pwani, hurudi mwekundu umejaa maringo, na watu wanaupenda huo wa kurudi. Basi mama mkubwa akaona awe pwani yeye mwenyewe: sukari, iliki, pilipili kidogo, na rangi ya chakula isiyo na huruma. Ukila wake, mtu atakayekusalimia kesho yake atajua. Jumanne ile nilimaliza sanduku la kwanza, vigae thelathini, bila kosa hata moja. Nikajizawadia pakiti iliyokuwa kwenye mfuko wa sketi. Sanduku la pili nililianza huku punje moja iko shavuni, na nikaendelea punje kwa punje hadi kigae namba sabini na nne. Vidole nilijifuta kwenye sketi. Vigae vyenyewe ni vyekundu vya udongo, sikuona doa lolote.

Jumatano baada ya chakula kaka aliziingiza picha kwenye programu. Nilikuwa naingia na vikombe.

"Daktari," alisema. "Njoo uone hapa."

Kwenye kioo kilikuwepo kigae cha kijani, na juu yake nukta mbili za zambarau, zimekaa sambamba kama macho. Akageuza upande wa ndani: nukta moja. Akafungua namba thelathini na mbili. Mbili nje, moja ndani. Thelathini na tatu, hivyo hivyo. Daktari hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaifuta tena. Mkono wangu wa kulia uliingia mfukoni wenyewe, bila mimi kuutuma.

Bahati mbaya ilikuwa kwamba sanduku la pili lilitoka kwenye udongo wa chini zaidi. Sanduku la kwanza safi, la pili lote lina nukta. Kwa Daktari ilileta maana kamili. Alisema hawa walikuwa watu wengine, wa zamani zaidi, na walipaka. Walipaka hata ndani, mahali ambapo uji ungeifunika alama, jambo ambalo yeye hajaliona popote. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akarudia neno "ndani" mara tatu.

Ningesema wakati ule ule. Naliandika hili kwa sababu nimejiahidi kutojidanganya humu. Ilikuwa ni sentensi moja tu, na vikombe vilikuwa vinne. Niliviweka mezani, nikatoka.

Alhamisi mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu kaka aliikuza picha. Ndani ya nukta kulikuwa na mistari myembamba inayozunguka.

"Hii si brashi," Daktari alisema. "Ni kidole. Huyu mtu alichovya kidole."

"Na huu mstari unaokata gumba?" kaka aliuliza.

"Kovu. Alijikata huyu." Alisogea karibu na kioo. "Kidole chembamba. Mwanamke. Wala si mtu mzima, mimi ningesema msichana, miaka kumi na tano, kumi na sita. Na ana subira, tazama. Vigae arobaini na nne, nafasi ni ile ile. Mkono uliotulia kabisa. Nadhani alikuwa mtu wa kimya."

Gumba nilijikata nikiwa kidato cha kwanza, nikikata vitunguu vya harusi ya shangazi. Nilisimama pale na birika mkononi. Hakuna aliyewahi kunisema vizuri hivyo mbele ya watu, na sasa nimesifiwa, kumbe anayesifiwa ni marehemu wa kale. Kweli niseme: nilitamani aendelee kidogo.

Hakuendelea. Alichukua simu akapanda jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, ambako ndiko mtandao hupatikana, akamtumia Profesa picha tatu. Aliposhuka alikuwa anatembea kama mtu wa umri wangu. Profesa amejibu, alisema. Atapiga Jumamosi saa tatu asubuhi asikie vizuri, na Jumatatu anakutana na wenzake, awaonyeshe.

Nikahesabu. Kabla ya Jumamosi saa tatu, ni aibu yangu mimi. Baada ya Jumatatu, Daktari atakuwa amesimama mbele ya wakubwa wake wote na ubuyu wa mama mkubwa, na watamcheka hadi astaafu.

Nilianza na kaka kwa sababu ya ndevu zake. Niliona mtu wa namna ile hawezi kunitisha. Sentensi niliifanyia mazoezi chooni. Nikamkuta peke yake, nikamwambia kwa mkupuo mmoja, "Kaka, kuna ubuyu kwenye vile vigae."

Ngoja nieleze kwa asiyejua. Kwa vijana wa siku hizi ubuyu si ule wa kumung'unya tu. Ubuyu ni umbea, habari tamu ambayo bado haijatoka nje.

"Ubuyu mzito, mdogo wangu," alisema. "Mimi tangu jana sijalala."

"Si hivyo. Ubuyu wenyewe."

"Ndiyo huo wenyewe. Ila usiumwage kwanza. Watu wa vyuo vingine wakiudaka, tumekwisha."

Akaweka kidole mdomoni kwake kuonyesha siri. Mimi, ambaye maisha yangu yote watu wananibembeleza niseme, nilikuwa nimesema, nikaambiwa ninyamaze.

Jioni nilimwendea mama mkubwa jikoni. Kwake mlango wangu wa koo hufunguka kidogo. Nikamweleza yote, tangu glavu. Aliacha kusonga ugali, mwiko umesimama katikati ya sufuria.

"Ubuyu ule alikupa nani?"

"Si wewe, mama."

"Basi hukupewa."

Akasonga, akasonga, kisha akaona hiyo peke yake haitoshi. Akasema yule dada amepata furaha yake, vyungu vyenyewe havijalalamika, na leo mchana Daktari kamwangalia goti bila kuombwa, kalibonyeza pande zote mbili na kumshauri aweke maji ya moto. "Siku zote hizi namwomba," alisema. "Leo ana furaha kaniangalia. Wewe mtoto unataka kuniharibia matibabu?" Nikaona naye hataki kufukuzwa kazi, ila kalificha hilo nyuma ya goti.

Usiku ule niliamua kuandika. Kuandika naweza. Kwenye kishikwambi cha Daktari, kila kigae kina fomu yake: namba, unene, urembo, na chini kabisa kisanduku kinachoitwa Maoni ya Mpiga Picha. Siku zote nilikuwa nakiacha kitupu. Ijumaa asubuhi nilifungua fomu ya namba thelathini na moja, nikaandika: Nyekundu ni ubuyu. Nilikusudia kuandika "ubuyu wangu". Hilo neno la mwisho lilikataa, nikabonyeza hifadhi haraka kabla sijafuta lote.

Saa saba mchana Daktari aliniita. Alikuwa ameshika kishikwambi kwa mikono miwili.

"Ni wewe umeandika hivi?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa tayari, hata begi nilikuwa nimeanza kulipanga.

"Nani amekufundisha?"

Sikuelewa swali. Akamwita kaka aje. Akamsomea kwa sauti, kisha akaanza kumweleza. Unga wa jiwe jekundu, alisema, haushiki peke yake. Lazima uuchanganye na kitu cha kunata. Watu wanafikiria mafuta ya mnyama, ute wa yai, utomvu. "Na sisi tumekaa hapa tumezungukwa na mibuyu, hakuna hata mmoja aliyewaza ubuyu. Unga wake ukiuloweka unanata. Huyu binti amekaa kimya wiki nzima kumbe anafikiri." Akanigeukia. Alisema jina langu atalitaja kwa Profesa.

Kaka alinitazama kwa heshima ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimekiri kosa, nikapewa ugunduzi.

Mchana wote nilipiga picha sanduku la tatu, mikono yote miwili na glavu, nikigusa simu kwa ncha ya pua. Inafanya kazi, ila picha zinatoka zimepinda.

Saa kumi na moja jioni Daktari aliingia stoo na koleo dogo la kukatia na bahasha. Alikuwa anamweleza kaka kwamba wazo la ubuyu halipimwi kwa macho, lazima lipimwe maabara, na maabara inataka kipande. Basi la asubuhi litabeba. Atavunja kona kidogo tu ya namba thelathini na moja, isizidi ukucha. Alivaa glavu. Alikitoa kigae kwenye mfuko wake, akakiegemeza juu ya kitambaa, koleo likafunguka.

Kile kigae kilishavunjika mara moja, siku ile mwenye chungu wa kale alipokiangusha akasonya. Baada ya hapo mvua zote zimepita juu yake, mizizi, ng'ombe, na hakikuongeza hata ufa.

"Usivunje," nilisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Daktari alisimama na koleo hewani. Nikajua nikiulizwa sababu mlango utafunga, kwa hiyo sikungoja swali. Nilivua glavu ya kulia. Nikatoa pakiti mfukoni, ile ile, zilikuwa zimebaki punje tano. Nikatia moja mdomoni, nikaitoa, nikaizungusha kwenye vidole hadi vikalowa. Kaka aliniuliza kama naumwa. Nikachukua karatasi nyeupe mezani, nikaishika kama ninavyoshika kigae. Vidole viwili nje, gumba ndani. Nikaiweka mbele ya Daktari.

Kaka alivuta kompyuta, akafungua ile picha ya gumba, akaigeuza kidogo kidogo hadi kovu likalala kama la kwenye karatasi. Daktari alitazama karatasi, akatazama kioo, akanitazama mimi. Kisha akavua glavu yake, akachukua kigae namba thelathini na moja, akakisogeza mdomoni, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Kina pilipili," alisema.

Akakaa kwenye ile ndoo. "Kwa nini hukusema?"

"Niliandika."

"Uliandika ubuyu."

"Ndiyo."

"Hukuandika ni wako."

"Sikuandika."

"Mimi aliniambia," kaka alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ananipa umbea."

Daktari alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya simtanki la maji, ametupa mgongo, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Aliporudi macho yalikuwa na maji, na bado sikujua, na hadi leo ninapoandika sijui. Nyuma yake aliingia mama mkubwa, mwiko mkononi, keshasikia kila kitu kwa kuwa jikoni na stoo vinatenganishwa na bati. Akasema ubuyu ni wake, mtoto kala tu alichopewa, na kama kuna wa kufukuzwa basi wasimfukuze mtoto, maana akirudi Nzuguni kabla ya likizo kuisha mama yake atauliza maswali. Daktari akamwambia hakuna anayefukuzwa, ugali usiungue.

Kisha akasema lililokuwa limebaki. Profesa anazo picha tatu. Kesho saa tatu atapiga, na yeye itabidi amwambie. Alipolisema hilo alikuwa anaitazama sakafu, na uso wake niliutambua. Ni uso ninaokuwa nao mimi nikisimama mbele ya ubao. Sikujua kwamba watu wenye shahada zote zile nao wana uso huo.

"Mimi," nilisema.

"Wewe nini?"

"Nitamwambia mimi."

Daktari akainua macho kutoka sakafuni. "Huyu mzee ana sauti nzito," alisema. "Na hapendi kukatizwa."

"Sitamkatiza," nilisema. Hilo angalau nilikuwa na uhakika nalo. Kaka ndiye aliyecheka wa kwanza.

Kesho yake asubuhi nilipanda lile jiwe pamoja na Daktari, nimevaa sketi nyingine. Upepo ulikuwa mkali. Saa tatu na dakika mbili simu iliita. Daktari alisalimia, akasema yuko na mtu anayetaka kueleza habari za zile nukta, akanipa. Nikasema shikamoo. Sauti nzito ikaitikia marahaba. Nikaanza kama nilivyojipanga, kwamba Profesa, zile nukta ni ubuyu.

"Binti," alisema, "mimi umbea wa vijana siuwezi. Niambie habari yenyewe."

"Ni ubuyu wa kula, Profesa. Mwekundu."

"Sikusikii. Mtandao unakata. Nukta ni nini?"

Nikasogea juu zaidi, hadi kwenye ncha ya jiwe, mahali ambapo Daktari alinionyesha kwa kidole. Bado akasema hasikii. Basi nikajaza kifua upepo, nikapaza sauti kuliko siku yoyote tangu nizaliwe, kwamba ni ubuyu, wa kula, niliula mimi kazini, na vile vidole ni vyangu. Chini wachungaji wawili na mbuzi wao walisimama wakanitazama. Mlangoni mwa jiko alitokea mama mkubwa, ameshika kiuno. Kijiji chote cha upande ule kilipata kujua nilichokula Jumanne.

Nikaibana simu sikioni nimsikie Profesa.

"Vigae vingapi?"

"Arobaini na nne," nikapaza.

"Basi punguza sauti, sasa nasikia." Akakohoa, au alicheka, ni vigumu kujua kwa sauti ya namna ile. "Umefanya vizuri kusema leo, si Jumatatu. Mpe mwenzangu simu."

Nikampa Daktari. Sikusikia walichoongea, nilishuka nikawaacha. Nilipita bombani, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia hadi viwiko, nikaingia stoo. Kaka alikuwa ameshafungua fomu ya namba thelathini na moja na kuniachia kiti. Kwenye kisanduku cha urembo nikafuta nukta, nikaandika hakuna. Kwenye Maoni nikaongeza lile neno lililokuwa limekataa. Kisha nikafungua thelathini na mbili.